Masika ya Teleprinta Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Mvua ya kwanza. Imekuja kwa kunyata, kama mgeni asiyetaka kuamsha wenyeji, lakini mimi nilikuwa macho zamani. Mtoto ana miezi saba na hajawahi kulala saa mbili mfululizo. Nesi wa kliniki amenipa daftari niandike kila siku: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi.
Amelala: sijui. Ameamka: daima.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeshindwa kuandika saa tu. Saa hazina cha kusema.
Mimi huuza vitu vya zamani kwa picha za simu. Cherehani, pasi za mkaa, redio za mbao. Wiki iliyopita nilipiga picha cherehani ya mlinzi wa jengo lililokuwa la gazeti. Leo kaniandikia mtu wa ng'ambo, basi humu nitamwita Mteja: "Cherehani sitaki. Kile kilicho nyuma yake, chenye birika juu, ni nini?"
Nikarudi kwa mlinzi, mtoto mgongoni.
"Dada, hiyo ni meza yangu ya chai."
"Ni mashine, kaka."
"Miaka kumi na mmoja imenibebea birika bila neno. Mke wangu hajafika hata wiki."
Nikainua birika. Chini yake chuma cheusi, vitufe vya mviringo, kila kimoja na herufi na alama nyingine juu yake. Nikapuliza vumbi, mtoto akapiga chafya kwa niaba yetu sote.
Nilipofika nyumbani nikamwonyesha Baba Mtoto picha. Yeye ni seremala, hashtuki ovyo. Leo ameweka randa chini. "Hiyo ni teleprinta. Unapiga herufi hapa, zinajiandika zenyewe kwenye nyingine iliyo mji wa mbali, kwa waya. Hiyo ndiyo iliyonisomesha."
Maana yake mama yake ndiye aliyekuwa akiipiga, kituo cha hali ya hewa kule mlimani, miaka ishirini na tisa.
Mama mkwe mwenyewe alikuwa kitini dirishani, kama kila siku. Nikamwonyesha picha. Akaitazama mvua.

Jumatano, 13 Machi
Mteja anataka tatu. Mbili ziwe zinafanya kazi, ya tatu hata ikiwa mfu, ya vipuri. Meli inaondoka mwisho wa Mei. Nimekubali. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimeshamwaga.
Ni kazi yangu ya kwanza kubwa, ya kwangu mwenyewe, isiyopitia mkono wa mtu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelala nimesimama, nimeshika kamba ya nguo. Niliota karatasi ndefu inatoka mawinguni.

Jumatano, 20 Machi
Nimempata fundi. Alifanya kazi na Mama enzi hizo. Kelele za mashine zimemla masikio, kwa hiyo anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini anauuma kwa meno. Watu wanamwita Bisibisi na yeye anaitika.
"Masikio yamestaafu, binti. Mifupa bado iko kazini."
Akamsogelea Mama, akainama. "Shikamoo, mkubwa wangu." Mama akafumba macho, akafumbua. Kiharusi cha mwaka jana kilichukua upande wa kulia wote na kilipoondoka kikafunga mdomo kwa nje.
Niseme ukweli, humu hasomi mtu. Mdomo ule ulikuwa wembe. Siku ya tatu ya ndoa yangu alinikuta nimesinzia nimeegemea ufagio, na tangu siku ile jina langu likawa Bibi Usingizi. "Bibi Usingizi, chai imekauka. Bibi Usingizi, wewe na mto mmezaliwa mapacha?" Mbele ya wageni. Ulipofungwa nilimlilia kama wengine, nikamwogesha, nikamlisha. Lakini kuna kijisehemu changu kilichopumua. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 22 Machi
Mlimani, kwenye kituo cha Mama, kuifuata teleprinta yake. Ukungu ulikuwa mzito hadi dereva wa pikapu akatoa kichwa nje kuitafuta barabara. Kituo kiko mwisho wa dunia: chumba kimoja cheupe na kisanduku cha kupimia joto juu ya miguu minne. Mkuu wa kituo ni mama mwenye koti la mvua asilolivua hata ndani.
"Mwambie mkweo tunamkumbuka," alisema. "Hakuwa anatuma tarakimu mara moja. Mara mbili, ili moja ikipotea njiani, mwenzake afike."
Teleprinta yenyewe ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Kiti chake bado kina mto wa Mama, umebonyea kwa umbo lake. Niliutazama mto ule nikaona aibu, kama niliyechungulia chumba cha mtu.
Kushuka, barabara ilikuwa mashimo matupu. Kile kipande cha juu kinachobeba karatasi kikawa kinaruka juu na chini, taka-taka-taka, kama meno ya mtu mwenye homa. Nikaona kitavunjika. Nikafungua mkoba wa mtoto na kuchomeka chini ya kipande kile chochote kilichoingia: nepi, kitambaa cha mate, sijui nini tena. Ikatulia. Mtoto akabaki ananiangalia kama aliyevuliwa nguo hadharani.

Jumapili, 24 Machi
Soksi moja ya njano haionekani.

Jumanne, 2 Aprili
Leo nyumba yetu imepata moyo wa pili.
Bisibisi ameiweka ile ya mlimani sebuleni, akatoa vitambaa vyangu, akapaka mafuta, akaunganisha umeme. Ikaanza kunguruma, mngurumo wa chini, mzito, unaousikia kwa nyayo kabla ya masikio. Mtoto alikuwa analia. Akaacha. Akatazama dari kama anayesikilizia jina lake. Akalala.
Saa tatu mfululizo. Nimeangalia kifua chake mara ishirini kama kinapanda.
Bisibisi alipojaribu vitufe zikatoka tarakimu na alama tupu, herufi hakuna. Hakushangaa. "Ya hali ya hewa hii. Hali ya hewa haina maneno, ina namba. Wameifunga huko kwenye namba makusudi. Nitaifungua siku ya kupakia. Chombo kinachokwenda hakichokonolewi."
Tukamsogeza Mama. Mkono wake wa kushoto ukaondoka mapajani wenyewe, ukapanda, ukatulia juu ya vitufe kama kuku anayekalia mayai. Hakuangalia chini. Kidole kimoja kimoja, polepole:
2323 )-)-
Bisibisi akafuta macho kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa mweusi. "Anatuma hali ya hewa! Nyuzi joto ishirini na tatu, mara mbili, kama zamani."
"Na hayo mabano na vistari?"
"Uchafu tu. Meno ya mashine yamelika."
Tukaangalia nje. Ishirini na tatu, huenda ikawa kweli.

Jumamosi, 6 Aprili
2323 )-)-
Mtoto: saa mbili na nusu. Mimi nimefua.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua siku tano bila kupumua. Kuta zinatoka jasho. Ile ya gazeti imekuja pia, Bisibisi ameilaza kiubavu uani, chini ya turubai, anaikuna mizunguko ya birika. Baba Mtoto amepima zote mbili kwa ajili ya makasha. "Nimewahi kupimia marehemu masanduku nikiwa na huzuni ndogo kuliko hii," alisema, halafu akacheka, halafu akaacha kucheka.
Kila mara mtoto akilala mimi nanyanyuka: vyombo, nguo, picha za Mteja, dawa za Mama. Na kila nikinyanyuka, Mama anapiga. Macho yake yananifuata sebule nzima kama ya msimamizi. 2323. 2323. Akimaliza anagonga meza kwa kiganja.
Hata kimya ananisimanga.

Jumatatu, 15 Aprili
Soksi bado.

Ijumaa, 19 Aprili
Nesi kaja kumpima Mama, akaleta ubao wa herufi, a, b, ch, d, ili Mama aonyeshe kwa kidole. Mama akausukuma hadi sakafuni. Nesi akauleta tena. Mama akausukuma tena.
"Pole, dada," nesi akaninong'oneza. "Huenda na akili imeondoka."
"Akili ipo, nesi. Asiye na akili hakasiriki hivyo."
Nimemtetea, sijui kwa nini. Mimi, mbele ya wageni, yeye hakuwahi kunitetea.

Jumanne, 30 Aprili
Hii ndefu. Nimekaa jikoni, miguu kwenye beseni la maji moto.
Ya tatu imepatikana. Hoteli iliyofungwa, chumba cha chini, na mafuriko yameingia. Nimeshuka ngazi, maji yakanifika magotini, ya baridi, meusi, na taa ya simu mdomoni. Karatasi zilikuwa zinaelea, risiti za wageni waliolala pale kabla sijazaliwa. Nikajiona naogelea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mashine yenyewe imezama na kushika kutu hadi moyoni. Lakini zamani mtu alikuwa ameng'oa kinanda chake cha vitufe na kukiweka rafu ya juu, kimefungwa kwenye mfuko wa sukari. Kikavu kabisa. Vitufe vinang'aa.
Mfu na kinanda chake, vyote nimechukua. Ndiyo ya vipuri.
Nikarudi jioni nimelowa, nimechelewa. Baba Mtoto amembeba mtoto anayelia, mtoto ana njaa, yeye ana njaa. Nikavua viatu, nikamnyonyesha, akalala, nikashika ufagio kutoa tope nililoingiza. Na Mama akaanza.
2323. 2323. 2323. Kwa nguvu, hadi karatasi ikachanika.
Nikapasuka.
"Nimekusikia, Mama! Ishirini na tatu! Nimesikia! Siku nzima niko kwenye maji na bado naangaliwa kama mtumishi! Basi!"
Nikachomoa waya ukutani.
Ule ukimya sitausahau. Mkono wake ulibaki juu ya vitufe, vidole vimepinda. Mtoto akaamka pale pale.
Baba Mtoto hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo ni mama yangu," na "wewe ni mke wangu," na akaenda kukaa kwenye makasha yake.

Jumatano, 1 Mei
Mashine haijawashwa. Mtoto: dakika arobaini.

Alhamisi, 2 Mei
Haijawashwa. Mama hali. Mtoto halali. Mvua haiachi. Sote wanne tumegoma na hakuna anayejua tunagomea nini.

Jumamosi, 4 Mei
Nimeurudisha waya. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Nisamehe, Mama. Nilikosa adabu." Akaninyooshea mkono wa kushoto, akanipangusa kitu shavuni, unga au machozi. Kisha akapiga:
2323 )-)-
Nikacheka. Nifanyeje? "Ndiyo, Mama. Joto ni zuri."

Alhamisi, 9 Mei
Naanza kuzikusanya karatasi zake. Nazikunja kwenye kopo la maziwa ya unga. Sijui ni za nini.

Jumatatu, 13 Mei
Leo baridi ya kugonganisha meno, tumevaa hadi mapazia. Nimeazima kipimajoto cha nesi: kumi na sita. Mama kapiga 2323.
Nimesimama na kipimajoto mkononi muda mrefu. Mwanamke aliyepima joto miaka ishirini na tisa hakosei nyuzi saba.

Jumatatu, 20 Mei
Leo nina mengi, naomba daftari livumilie.
Lori linakuja Jumatatu ijayo. Asubuhi nilichukua brashi ya rangi nisafishe ile ya mlimani kabla Bisibisi hajaja kuifungua namba zake. Nikapitisha brashi chini ya kipande cha juu, kile kilichokuwa kinaruka barabarani. Ikakwama kwenye kitu laini. Nikaingiza vidole viwili, nikavuta.
Soksi ya njano.
Kipande cha juu kikashuka, tak, kama mtu aliyeketi baada ya kusimamishwa miezi miwili.
Nilicheka peke yangu. Bisibisi alitoa vitambaa vyote, hiki hakukiona, nami nilikichomeka kwa mikono yangu nikakisahau kabla hatujafika bondeni. Nikamwonyesha Mama. "Tazama, Mama, mwizi wa soksi tumemkamata."
Mama akainua mkono. Akapiga kama kila siku, kwa mwendo ule ule, vidole vile vile, kituo kidogo katikati. Nikasoma karatasi kwa mazoea tu.
WEWE LALA
Nikaisoma tena. Nikaangalia kitufe cha W: juu yake kuna 2. Cha E, juu yake 3. Cha L, bano. Cha A, kistari. Soksi ilikuwa imekiinua kipande cha juu, ikaifungia mashine kwenye alama za juu.
Nikaleta kopo la maziwa, nikamwaga karatasi zote sakafuni, zikasambaa hadi chini ya kitanda cha mtoto. Hizo ni za tangu tarehe tisa, na ngapi nilitupa, ngapi niliwashia jiko? 2323 )-)-. 2323 )-)-. Kila mara mtoto akilala, kila nikinyanyuka na ufagio. Ile jioni ya maji. Karatasi iliyochanika.
Wewe lala. Wewe lala. Wewe lala.
Nikaweka kichwa mapajani mwake nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza. Yeye akawa anapiga huku juu, polepole sana, na nilipoinuka nikasoma:
NILIKUWA NAKUONEA WIVU. MIMI NIKIWA NA HUYU MTOTO HAKUNA ALIYENIAMBIA LALA.
"Huyu mtoto" alikuwa mlangoni, ana randa mkononi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba Mtoto alisogea karibu. Alisoma, akageuka, na kwa saa nzima nikasikia anapiga randa ubao ambao ulishakuwa laini.

Jumanne, 21 Mei
Bisibisi amekaa chini kabisa. "Mimi fundi wa miaka thelathini. Nimeshindwa na soksi."
Nikamwuliza mbona Mama aliukataa ubao wa nesi.
"Mkubwa wangu hatafuti herufi kwa macho, binti. Alizijua kwa vidole. Kule juu alikuwa anaangalia mawingu, vidole vinaandika. Huo ubao umepangwa a, b, ch. Kwake hiyo ni lugha ya kigeni."
Basi nimeamua. Nimemwambia Mama: "Hii haiendi. Nitamwandikia Mteja anione mwongo, na iwe hivyo. Siuzi mdomo wa mtu."
Mama akanitazama kwa yale macho ya zamani, ya wembe. Nusura aniite kwa jina langu. Akapiga:
AHADI NI AHADI. IENDE. MIAKA 29 IMENIPIGIA KELELE INATOSHA.
"Na wewe utasemaje?"
Akanyoosha kidole uani, kule alikolala yule mfu wa hotelini, na kinanda chake ndani ya mfuko wa sukari.

Ijumaa, 24 Mei
Bisibisi amekipiga mswaki kinanda kile, springi moja moja. Baba Mtoto amekitengenezea meza ndogo ya kukaa mapajani, pembe zote ameziviringa. Hakina waya, hakina umeme, hakina karatasi. Mama anabonyeza, mimi naangalia vitufe vinavyozama na kuvitamka. Tunakosea. Anagonga meza. Tunarudia.
Maneno ya kwanza leo: CHAI IMEKAUKA.
"Mama!"
Bega lake la kushoto likatikisika. Alikuwa anacheka.
Mteja nimemwandikia hivi: "Mbili nzima zinakuja. Ya tatu inakuja bila kinanda. Kama haikufai niambie leo, kwa sababu kinanda hakitoki." Nikamweleza sababu. Akajibu: "Acha kibaki. Je, unaweza kuniuzia karatasi moja kati ya zile?"
Nikamjibu: "Haziuzwi."

Jumatatu, 27 Mei
Lori limekuja na mvua nyembamba, ya kusahausahau. Makasha matatu. Bisibisi aliaga kila moja kwa bisibisi, meno kwenye mpini, macho yamefumbwa. Zilikuwa zimezimwa, sijui alisikia nini.
Ile ya mlimani ilihitaji kuzuiwa isiruke njiani. Nikajaribu soksi kwa mtoto kwanza. Haipiti kisigino, mguu umeshakua. Nikaichomeka pale pale ilipokuwa, na juu ya kasha nikabandika karatasi kwa herufi kubwa: ONDOA SOKSI KWANZA. USIPOITOA, MANENO YAKO YOTE YATAKUWA NAMBA.
Lori likakata kona. Sebule ikawa kubwa na haina moyo. Nikaogopa usiku utakaokuja.

Alhamisi, 30 Mei
Mtoto: saa moja. Nusu saa. Saa moja. Bila mngurumo hajui aegemee wapi.

Jumapili, 2 Juni
Jua. Mbingu imeoshwa na kuanikwa. Nesi amelisoma daftari hili kurasa mbili za mwanzo, akanirudishia, akasema hizi si saa.
Mchana mtoto alilia, nikamlaza kwenye mkeka karibu na kiti cha Mama, nikaenda kuchukua nguo kwenye kamba. Nilipoingia alikuwa kimya. Mama alikuwa anapiga kinanda kile kisicho na waya, springi zinasema tiki, tiki, tiki, pole na sawa, kama matone ya mwisho yanayodondoka kutoka paani. Mtoto amefumba macho, mkono wake umeshika mguu wa kiti cha bibi yake.
Nikaweka nguo chini, nikatafuta ufagio kwa macho. Mama akaniona. Akasita, akaanza upya, nami nikasogea kusoma vitufe: W, E, W, E.
Sikungoja neno la pili.